Kitanda chenye Mlango

Goti langu lilinasa kati ya fito za kitanda, mbele ya wateja wa seremala mmoja wa mtaa wa Kimemi. Nimelala Kampala, nimelala Dubai, lakini hapa ilibidi fundi anivute kama mbuzi. Nilikuwa nakijaribu tu.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha mama mzee aliyesimama pale na binti yake, shavu la mama limevimba kwa kuanguka kutoka kitandani. Binti alitaka ubao wa kumzuia, upande wote usio na ukuta.

"Hapana," mama akakataa. "Na baba yako atapandia wapi?"

Baba huyo alikwenda Beni kuuza maharagwe, vita vikakata barabara, na hakuna dereva aliyeleta habari zake. Tangu hapo mama hulala ukingoni kabisa, ili nafasi ya ukutani ibaki ya mzee. Ndiyo maana anaanguka.

"Mais lakini mama, utavunjika mufupa!"

"Nivunjike. Ye atakuta nafasi yake."

Mimi, bingwa wa kunasa, nikajitia kushauri: "Fundi, weka kamlango kwenye ubao."

Wenye bunduki hutangaza kila wiki kwamba wamefungua njia. Huyu mama alitaka moja tu, ya kupitisha mtu mmoja. Akaupima ubao kwa viganja, polepole, akakubali.

"Donc basi, nitie na kufuli," fundi akasema, "isifunguke ukiwa mu usingizi?"

"Hapana kufuli. Muzee hakubebaka funguo."