Chatu Aliyegoma Kula

Mume wangu alimleta yule chatu nyumbani ndani ya bidoni, dumu la njano lililokatwa juu. Alikuwa mchanga, mwembamba kama kamba ya ndoo. Timu yake ya wachimbaji ilimkuta kwenye kichuguu ilipokuwa ikianza shimo jipya upande wa Mutoshi, nao huamini kwamba nyoka anayekutwa juu ya madini ndiye mwenye madini. Ukimtunza, shimo linatoa. Akifa mikononi mwako, shimo linakufukia.

Basi kila asubuhi walijipanga mlangoni kwangu, wanaume wazima wenye ndevu, wampapase mmoja mmoja kabla ya kwenda kuteremka. Walimvuta mkia, wakamkunjua, wakampulizia usoni pumzi ya lutuku, pombe kali inayoweza kuangusha ng'ombe. Mmoja akamsukumia tonge la bukari mdomoni. Chatu na ugali! Nilicheka, kisha nikakasirika, maana uti wa mgongo wake ulikuwa umeanza kuonekana.

"Mama, nyoka hakule," mume wangu akaniambia, hofu imemkaa usoni. "Akikufa, batu yangu bote bataniacha."

"Bamuache kwanza. We ungekula, kama batu banakushika-shika tumbo?"

"Njo kawaida yetu, mama. Kila mutu anapashwa kumugusa mbele ya kuingia mu shimo."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Walipokwenda msibani Tenke nikapata nafasi. Ilikuwa baridi ya Juni, na umeme wa bwawa la Nzilo hupita juu ya mapaa yetu ukienda kwa wengine, kwa hiyo nililiweka bidoni karibu na mbabula, jiko langu la makaa, nikalifunika kwa kitenge. Sikumgusa hata kwa kidole. Alipopata joto nikamtilia kipanya nilichokinasa ghalani, nikatoka nje na kufunga mlango.

Niliporudi kipanya hakipo, na tumbo la chatu limevimba katikati. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nilimpenda yule nyoka, na sioni aibu kusema.

Waliporudi nilimwambia mume wangu: amekula, lakini asiguswe mpaka uvimbe uishe, la sivyo atakirudisha chakula. Akaitikia vizuri sana, kisha akatoka kwenda kuwatangazia wenzake.

Walikuja wakiimba. Nilisimama mlangoni, wakanisukuma pembeni kama pazia. Chatu akapita mkono kwa mkono, kila mmoja akimbonyeza pale penye uvimbe ili aamini, mpaka akamtapika panya, mzima na manyoya yake, kwenye kiganja cha mwenye umri mkubwa kati yao.

"Ametapika," yule mzee akasema. "Shimo itatapika batu."

Wote wakamtazama mume wangu. Yeye alitazama beleshi lililoegemea ukuta, hakunitazama mimi. Alimkata chatu palepale kizingitini, mara mbili, kwa kuwa pigo la kwanza halikutosha. Kisha wakalitelekeza shimo lile, wakaondoka kwenda kutafuta mahali pa lingine, nami nikabaki kusugua sakafu huku nikiwalaani mmoja mmoja.

Hazikupita siku nyingi mume wangu akaja na bidoni jingine. Aliyekuwamo alikuwa mdogo zaidi, tope bado limemkaukia mgongoni.

"Huyu utamulisha muzuri, mama," akasema kwa upole. "We njo unajua."

Nyuma yake wenzake walikuwa wameshajipanga, wanakunja mikono ya mashati. Nilimnyang'anya lile bidoni kabla wa kwanza hajafika.