Kompyuta Iliyozibwa Mdomo

Ngaire Pohatu alikuwa amekagua hesabu za uimara wa majengo jijini Wellington kwa miaka ishirini na sita, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Jumatano ile aliipandisha.

Faili lilikuwa la nyumba ya wazee kule Petone, ghorofa nne za chuma, wazee arobaini na mmoja ndani. Wenye nyumba walitaka kujua jambo moja tu: tetemeko kubwa likija, itasimama au haitasimama? Aliyeitikisa nyumba hiyo ndani ya kompyuta, kwa rekodi ya tetemeko la kweli, alikuwa Callum Strachan, mkuu wa kitengo, na ripoti yake ilisema itasimama. Ilibaki sahihi ya Ngaire.

Hakusaini. Kwa kukokotoa mwenyewe kwa kalamu alikuwa amepata ghorofa ya juu ikiyumba mara mbili ya ilivyoandikwa. Akafungua mipangilio ya programu. Jengo likitikiswa hujituliza lenyewe kidogo kidogo, na kompyuta haijui hilo mpaka iambiwe kiasi. Kwa chuma kitupu kama kile ofisi nzima ilijua ni mbili kwa mia, ikizidi sana tatu. Callum aliandika kumi na mbili. Tena tetemeko lililopimwa mara mia mbili kila sekunde, yeye aliiambia kompyuta ilitazame mara kumi tu, kama mtu anayesoma hati ya shamba kwa kuruka mistari. Mishtuko mikali ilipita katikati bila kuonwa.

Akamfuata kwenye chai ya saa nne, mbele ya watu na skonzi zao za jibini. Callum alicheka kwanza, akasema shangazi, kama alivyozoea kumwita kwa kejeli, ameanza tena. Halafu akaeleza kwamba programu ilikuwa ikigoma kila ikifika sekunde ya kumi na moja, na mteja anangoja Ijumaa, basi akawa anaongeza namba mpaka ikatulia.

"Haikugoma, Callum," Ngaire akapaza sauti. "Ilikuwa inakuambia nguzo za chini zinakatika. Wewe ukaiziba mdomo."

"Acha makuu, shangazi. Mara mia mbili kwa sekunde itachukua siku mbili nzima."

"Ichukue. Angekuwa mama yako analala mle, ungeipa siku ngapi?"

Ngaire akarudi mezani pake.

Akarudisha namba mwenyewe, akaiacha kompyuta ifanye kazi. Ijumaa alasiri ikagoma, sekunde ileile ya kumi na moja. Kwenye kioo, nguzo tatu za upande wa barabarani zilikuwa zimejikunja, na ghorofa za juu zimezilalia. Callum akataka waandike kwa upole, kwamba jengo lahitaji uchunguzi zaidi. Ngaire alikuwa mjini Christchurch mwaka ule tetemeko lilipoangusha majengo na kuua watu. Maneno ya upole kwake yalinuka vumbi la kifusi.

Akamsukumia simu. "Wapigie wewe wenye nyumba. Waambie wazee watoke leo."

Callum akapiga, masikio yamemwiva kwa aibu. Alipoanza kuzungukazunguka kwa maneno, Ngaire akawa anagonga meza kwa kidole, akagonga, mpaka mwenzake akalitamka neno lenyewe: haitasimama.

Hakumshukuru. Alichukua koti lake akaenda Petone kuwafungia wazee mizigo, na njia nzima hasira haikumtoka.