Kazi Yangu Juu ya Minara ya Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini huko Denmark, ukungu ulikuwa umefunika nchi nzima. Msimamizi wa kikosi chetu, mama wa makamo aliyeitwa Inge, alinichukua kwa gari mpaka mashambani, tukasimama chini ya mnara mweupe wa chuma. Niliinua kichwa kuutafuta mwisho wake, nisiuone. Ulikuwa umeingia ndani ya ukungu ukapotea.

"Bakari, unaogopa urefu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nilifikiria kumdanganya, kisha nikaona haifai. "Ninaogopa, Bi Inge."

"Vizuri. Wale wasioogopa huwa siwapandishi."

Nyinyi vijana mnaosoma haya, wengi wenu hamjauona mnara wa namna hiyo. Ni kama feni iliyogeuziwa kazi. Feni ya nyumbani inakula umeme na kutoa upepo. Hii inakula upepo na kutoa umeme. Juu kabisa pana chumba cha mitambo, kikubwa kama lori, chenye giaboksi, jenereta na breki. Mbele yake yamefungwa mapanga matatu, kila moja refu kuliko mnazi wowote wa kwetu. Fundi hupanda kwa ngazi iliyo ndani ya mnara, amevaa mkanda wa usalama unaomshika mapajani, kiunoni na mabegani.

Nilipanda nikihesabu vidato vya ngazi. Tulipofika juu, Inge alifungua kifuniko cha paa akaniambia nitoe kichwa. Ukungu wote ulikuwa chini yangu, umetandazwa mpaka upeo wa macho, na jua likiuwakia. Katika weupe ule yalichomoza mapanga ya minara mingine, yakazunguka polepole, yakazama, yakachomoza tena. Ardhi haikuwepo kabisa.

"Subhanallah," nikasema.

"Maana yake nini?"

"Ni neno tunalolisema tukiona kitu kama hiki."

Inge akatazama kule nilikokuwa nikitazama. "Sisi hatuna neno," akasema. "Huwa tunanyamaza tu."

Mimi ni mtu wa Msambweni, pwani ya Kenya. Ufundi wa umeme niliusomea katika chuo cha ufundi, kisha nikaajiriwa hoteli moja ya Galu. Mhandisi Mkuu wetu alikuwa Mzee Mwangala, Mduruma wa upande wa Samburu ya Kwale, na yeye ndiye aliyenifundisha jenereta, tena kwa ukali. Ukimpa shikamoo, alikuitikia marahaba huku macho yake yako mikononi mwako, aone kama umevua pete na saa kabla ya kugusa waya. Wageni walipopungua hoteli ikafungwa. Ndipo akaniambia kwamba mgeni mmoja wa zamani amemweleza kuwa kwao wanatafuta mafundi.

"Mzee, mimi hata lugha yao siijui."

"Umeme wa kwao na wa kwetu ni ule ule," akasema. "Lugha utajifunza. Ukibaki hapa utauza mitumba Ukunda, na ufundi wote niliokupa utausahau."

Nikaenda. Vyeti vyangu havikutosha huko, kwa hiyo nilianza kama msaidizi wa fundi, mtu wa kubeba vifaa na kupaka grisi. Jioni nilisoma lugha, na nilipoiweza nikatahiniwa upya. Mke wangu Mejumaa alinifuata baadaye pamoja na watoto, akapata kazi katika jiko la shule. Huko wakubwa wa kazi huitwa kwa majina yao matupu. Mimi ulimi ulikataa. Inge alibaki Bi Inge, na kila nikimwita hivyo alicheka.

Nilikuwa nimeshakuwa fundi kamili siku ile tulipopanda wawili, mimi naye, kukagua beringi zinazobeba mhimili wa mapanga. Tulikuwa tumekwisha kuifunga rota, yaani kupenyeza pini nene ya chuma ili mapanga yasizunguke hata upepo ukizidi. Ghafla Inge akaketi sakafuni. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

"Kifua," akasema. "Na mkono."

Nikamwita kwa redio Mkuu wa Kituo, bosi wetu sote, aliyekuwa ofisini. Akaniambia gari la wagonjwa liko njiani, lakini helikopta iko mbali na upepo unaongezeka. "Wewe ndiye uliye naye, Bakari. Unaonaje?"

Ngazi asingeiweza. Ilibaki kamba ya uokozi, ambayo hufungwa juu na kuachiwa kidogo kidogo kwa breki yake. Tulikuwa tukiifanyia mazoezi kwa mdoli uliojazwa mchanga. Lakini mdoli haukuwahi kunitazama machoni.

"Nitakushusha," nikamwambia.

"Na upepo?"

"Nimeuona."

"Basi kagua ndoano zako mara mbili." Hata katika hali ile alikuwa akinisimamia.

Nikamfunga kifuani pangu kwa mikanda, nikafungua mlango wa sakafuni, tukatoka hewani. Upepo ukatuzungusha. Mashamba, barabara na bahari vikanipita machoni, vikarudi, vikapita tena. Nilitarajia hofu, lakini ulinijia utulivu ambao sijapata kuujua tena maishani. Pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu, fupi fupi. Nikawaza, roho ya mtu huyu imewekwa mikononi mwangu, juu ya nchi ambayo baba yangu hakupata hata kulisikia jina lake. Nikaanza kusoma Kurani kwa sauti ya chini. Inge alidhani ninampa maelekezo, akawa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," mpaka tukagusa ardhi na watu wa gari la wagonjwa wakampokea.

Alipona. Kupanda alikatazwa, akahamishiwa ofisini, na Mkuu wa Kituo akanipa kikosi chake.

"Sasa wewe ndiye msimamizi," Inge akaniambia. "Utaacha kuniita Bi?"

"Hapana, Bi Inge."

Sasa nimestaafu, nimerudi Msambweni. Vijana huja kuniuliza habari za viza, mshahara na baridi, nami ninawajibu kwa ukweli. Baridi inauma. Upweke unauma zaidi. Mama yangu alizikwa mimi nikiwa ughaibuni. Lakini wakiniuliza kama ningekwenda tena, huwa ninawasimulia wiki yangu ya mwisho kazini.

Niliomba ruhusa nimpandishe Mejumaa katika mnara mpya wenye lifti ndogo. Alivaa suruali pana ndani ya dera, mkanda wa usalama juu yake, na kofia ngumu juu ya mtandio. Nikamfungulia paa. Akatoa kichwa, akashika ukingo kwa mikono miwili. Mbingu ilikuwa safi. Bahari ilionekana yote na visiwa vyake, na kundi la mabata mwitu likapita chini yetu, migongo yao ikimetameta. Aliponigeukia, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Baba Rashidi, miaka yote hii nikikuuliza kazi ilikuwaje, unanijibu 'nzuri, nashukuru.' Kumbe haya ndiyo uliyokuwa ukiyaona?"

"Ndiyo haya."

"Na usiniambie?"

"Ningekuambiaje, Mejumaa?"

Akageuka kutazama tena. Baadaye nikamwambia muda wetu umekwisha, tushuke. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanizuia kifuani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Sijamaliza."