Simba au Ngao

Kizito wa Kamukuywa, anayeuza mbolea mjini Bungoma, ni mtu wa kudharaulika, na nasema hivyo nikiwa jirani wa mama yake kwa miaka mingi. Haibi wala hapigani. Ubaya wake ni mdogo na wa kila siku: hapendi kuamua lolote litakalomgharimu. Akiulizwa, huvuta suruali juu ya kitambi na kusema kwa Kiingereza kwamba jambo hilo ni "toss-up".

Halafu anakufundisha, utake usitake. Ati maana yake ni jambo ambalo pande zote mbili zina nafasi sawa, kama shilingi iliyorushwa hewani. Ati Warumi wa kale walirusha sarafu yenye kichwa upande mmoja na meli upande wa pili, mchezo ukawafikia Waingereza, nao wakautolea msemo. Nimeisikia hadithi hiyo harusini, matangani, na hata nikinunua mbolea.

Baba yake alipofariki, shamba liligawanywa. Kizito ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hurithi boma la wazazi, mama akiwa ndani yake. Siku hiyo mila ilikuwa tamu. Alichukua boma, kisima na migomba, akaikodisha ardhi kwa watu wa miwa mpaka mlangoni mwa jikoni, akarudi zake Bungoma. Kaka yake Tonny alipata kipande cha mawe, akaenda Kitale kufanya useremala.

Mwaka huu mama yao, Phelista, alivunjika nyonga. Hawezi tena kuchota maji wala kukaa peke yake. Wanawe wakaja, wakamkuta uani pamoja nami, mkongojo mapajani mwake. Swali lilikuwa moja: aende kuishi kwa nani? Nilidhani halihitaji hata kikao. Kizito akavuta suruali. Akasema ni "toss-up", akatoa sarafu ya shilingi kumi. Ikilala simba juu, mama aende Kitale. Ikilala ngao, aende Bungoma. Tonny, bwege wa watu, akakubali. Nilitamani kumzaba kofi kila mmoja.

Ikalala simba. Kizito hakuweza hata kuficha meno. Akaanza kumweleza mama yake, mama mzazi, habari za Warumi na jinsi bahati isivyo na upendeleo.

Phelista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kizito," akasema, "siku ya kugawa shamba hukurusha shilingi. Ulisema wewe ndio wa mwisho, na wa mwisho ndio anabaki na mama."

Akajiinua kwa mkongojo, akampita Tonny aliyekuwa tayari amebeba begi la mama, akafungua mlango wa gari la Kizito na kukaa mbele.

"Tonny," akasema, "weka hiyo begi huku nyuma."

Mimi ndiye niliyemfungia mkanda, na nilihakikisha umekaza.