Mikono Aliyoiamkia Bi Mwanahamisi

Sogea karibu, mwanangu, maana jambo hili sipendi kulisema kwa sauti. Katika ujana wangu wote, adhuhuri moja naikumbuka kuliko nyingine. Nimetoka kisimani pale Tongoni, jua kali, nikamsikia mavyaa wangu ndani akimwamkia mtu. "Shikamoo, mama," akasema. Nikatua ndoo, nikaingia. Hapakuwa na mgeni. Alikuwa peke yake juu ya mkeka, ameinamisha kichwa, anaitazama mikono yake mwenyewe.

Ngoja nikueleze alikuwa nani, usije ukamdhania vibaya. Bi Mwanahamisi ndiye mama mzaa mume wangu. Mimi msichana wa Makorora niliolewa kwake miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, nikamkuta haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili tangu mume wangu hajaota meno. Lakini kusuka, mwanangu! Alichana ukindu kwa kisu chake kidogo, akausuka ukili huku anazungumza, anacheka, anawafukuza kuku, vidole vinakwenda tu. Ukimwekea kikombe, alikifikia bila kupapasa.

Mume wangu, Athumani, alikuwa kibarua wa mkonge huko Pongwe. Akasikia kwamba mjini kuna daktari anayetoa mtoto wa jicho, akampeleka mama yake. Mavyaa alirudi anaona, amevaa miwani ya vioo vinene mno. Akanishika kidevu, akanitazama sana. "Kumbe ndiyo sura yako hii," akasema, na sote tukalia kwa furaha.

Nikamletea kahawa. Akanyoosha mkono, akakamata hewa. Akaurudisha mkono mbele ya miwani, na uso ukambadilika.

"Huu wa nani?"

"Wako, mama."

"Wangu sio huu. Huu mkubwa. Huu wa mtu mzima."

Baadaye ndipo nilipofahamu. Mara ya mwisho kuiona mikono yake alikuwa mwanamke kijana, na humo gizani aliendelea kuijua hivyo hivyo. Sasa ameonyeshwa mishipa iliyosimama, madoa, kucha ngumu, na miwani ile nayo ilikuza kila kitu ikakisogeza karibu. Kwake ilikuwa mikono ya mama yake, aliyezikwa zamani.

Tangu hapo akawa anaificha ndani ya kanga. Kusuka kukamshinda, vidole vikigongana kila alipovitazama. Chakula nilimlisha mimi, kwa kuwa alisema hawezi kula kwa mkono wa maiti. Akawa anakonda. Jirani yetu Bi Fatu akaeneza maneno kwamba huko hospitali mumiani wamemkata mikono wakamtia mingine, na watoto wakaacha kupita mlangoni petu. Hata mimi, sikufichi, nilipompa maji nilitazama pembeni. Ile mikono ilikaa mapajani mwake kimya kama inasikiliza.

Basi adhuhuri ile nikamuuliza, "Unamwamkia nani, mama?"

"Mama yangu. Amekaa hapa tangu asubuhi, hataki kuondoka."

Ndipo nikakiona kisu cha kuchania ukindu. Alikishika kwa mkono wa kushoto, ncha yake juu ya mkono wa kulia.

"Nataka kujua," akasema taratibu, "nikikata, atalia yeye au nitalia mimi."

Nikamrukia, nikamnyang'anya, lakini ncha ilikwisha kuingia. Damu ikatoka. Hakukunja uso.

"Uchungu nimeusikia," akaniambia. "Lakini umetoka mbali."

Sikujua la kufanya zaidi ya kuiosha ile damu. Nikachota maji ya ndoo, nikamwagia, nikawa nasugua kwa kidole gumba, polepole, toka kwenye kiganja kwenda vidoleni. Yeye anatazama. Ghafla akashtuka.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nimekiona kidole chako kinapita, na hapo hapo nimekisikia. Pamoja. Rudia, mwanangu, usiache."

Nikaleta mafuta ya nazi. Nikampaka kidole kimoja kimoja, naye akifuata kwa macho. Nikiharakisha, au akigeuka upande, aliniambia mkono umeondoka tena. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, na pumzi zake zikatulia. Akaufunga na kuufungua mkono wa kulia, akaubusu.

"Huu umerudi," akasema.

Athumani aliporudi alitaka aende kuleta mganga. Mama yake akamkatalia. "Mwache mkeo anisugue." Nikamsugua kila siku. Akaanza kula mwenyewe, kisha kusuka, ingawa alivua miwani na kufumba macho kwanza. Ila wa kushoto haukurudi wote. Mpaka anakufa, akilala aliulaza mbali naye kidogo, juu ya kanga yake peke yake, na hakuna aliyethubutu kuusogeza.

Mwanangu, nakuusia. Mtu akirudi kwenu kutoka kwenye maradhi, akakwambia mguu huu si wangu, mkono huu siujui, usimcheke, wala usiwaite majirani waje kumtazama. Usibishane naye pia, maana maneno hayafiki huko aliko. Kaa chini, mshike, umpapase polepole hali anatazama, mpaka macho na ngozi vikubaliane. Utaogopa. Ogopa, lakini usimwachie mkono.

Mola akuhifadhi viungo vyako, akuzeeshe taratibu, na siku utakapoutazama mwili wako usiujue, akujaalie mtu wa kukaa nawe.