Bahasha Iliyobaki Kisian

Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu alikuwa na desturi ya kututembeza. Majirani zetu wa Milimani, Kisumu, walikuwa na magari ya kwendea kazini. Letu, Baba alisema, lilikuwa la kuona nchi. Tulikuwa watatu tu, yeye, Mama na mimi, na kila likizo ilikuwa na mahali pake: Kericho kuona mashamba ya chai, Kakamega kuona msitu, Rusinga kuona kisiwa. Alikuwa na kanuni zake, na hata leo marafiki wakiniuliza namna ya kusafiri na watoto huwa nawapa zilezile. Jaza tangi jioni kabla ya safari. Chemsha mayai, usitegemee hoteli za njiani. Ukiuliza njia, uliza watu wawili. Na karatasi zote za familia ziwe katika bahasha moja, mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Mama.

Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, alikuwa na kanuni moja tu. Ukishaaga, usirudi. Hata kama umesahau kiatu. Anayerudi nyuma, alisema, hukuta jambo ambalo halikuwa lake kulikuta. Alikuwa mama mzazi wa Baba na aliishi Kisian, kando ya barabara ya Busia. Kila tulipopita kumuaga alituambia hayo, ameshika mlango wa gari. Baba alicheka, maana alikuwa mtu wa ofisi. Lakini sikumbuki hata mara moja akigeuza gari.

Safari ninayotaka kuisimulia ni ya Jinja. Ingekuwa mara yetu ya kwanza kuvuka mpaka. Tulikuwa tunakwenda kuona mahali Nile inapotoka ziwani. Ziwa ni letu, Baba alisema, lakini tumeliona upande mmoja tu.

Tulifika kwa Dani asubuhi na mapema. Alikuwa ametengeneza chai ila yeye mwenyewe hakuinywa. Baba na Mama walipotoka kumtazama ndama aliyezaliwa wiki ile, nilichomoa bahasha kwenye mkoba wa Mama nimwonyeshe Dani cheti changu cha kuzaliwa. Nimeitwa jina lake, Anyango. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimshika kidole nikakipitisha juu ya herufi, moja baada ya nyingine.

"Hili ni jina lako," nilimwambia. "Limeandikwa na serikali."

Alitabasamu kidogo. Mara honi ikalia nje. Niliiacha bahasha pale mezani, chini ya kitambaa cha kufuma, nikakimbia.

Siku ile Dani hakutusindikiza hadi garini. Mama aliingia kuchukua mkoba wake na kumuaga, Baba akasimama mlangoni, naye Dani akabaki kitini, mkono mmoja juu ya meza, akaisema kanuni yake mara tatu. Ya tatu aliisema polepole, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa. Hatukulitilia maanani.

Tulikuwa tumepita Maseno Baba aliposimama kukagua magurudumu, kama kawaida yake. Aliporudi ndani alisema, "Mama Anyango, hebu nipe ile bahasha."

Mama alifungua mkoba. Akatoa leso, mafuta ya kujipaka, Biblia. Mwishowe akaumwaga wote mapajani.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Lazima nimeisahau kwa Mama."

Mimi nilijua ilipo. Kinywa changu kilikuwa kimejaa yai, nami nikaendelea kutafuna.

Baba aliweka mikono kwenye usukani bila kuwasha gari. "Mama amesema tusirudi."

"Haya, utamweleza hivyo askari wa mpakani?"

Akageuza gari.

Tulimkuta Dani sakafuni, katikati ya kiti na mlango. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Alimtazama Baba, akajitahidi sana, na likatoka neno moja ambalo sote tulilielewa.

"Mmerudi."

Sikulia. Nilisimama nikiitazama chai iliyomwagika ikitafuta njia kwenye saruji. Mama aliona pembe ya bahasha chini ya kitambaa, akaitia mkobani bila kujiuliza iliingiaje huko. Baba alimbeba Dani hadi garini, tukampeleka hospitali Kisumu, mimi nimebanwa kati ya mlango na begi la nguo za safari. Njia nzima nilitazama nje.

Kilikuwa kiharusi. Dani aliishi miezi minane, bila kusema zaidi ya neno mojamoja. Alijua ni nani aliyeitoa bahasha. Hakusema, au hakuweza kusema.

Aliyesema ni shangazi yangu, dada yake Baba. Siku ya mazishi, mbele ya wanawake waliokuwa wakipakua chakula, alisema, "Nyar Nyakach alisahau bahasha, akamrudisha mume wake njiani. Na Mama alikuwa amewakataza." Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, ndivyo walivyomwita Mama, kwa kuwa kwao ni karibu na Katito. Mama akaendelea kupanga sahani. Tangu siku hiyo Shangazi hakula tena chakula cha Mama. Akija kwetu alikuja na mkate wake, akaula kwetu mezani, na Mama akamtilia chai ambayo haikuguswa. Baba hakututembeza tena popote. Gari likawa la ofisi na kanisa, mpaka alipofariki.

Miaka yote hiyo nilikaa kwenye meza ile. Mwanzoni niliogopa kusema. Baadaye hata woga ulitoweka, pakabaki ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilipokuwa mtu mzima daktari mmoja alinieleza kwamba huenda kiharusi kilikuwa kimeshaanza kabla hatujaondoka, na kama tusingerudi Dani angekaa sakafuni pale mpaka jirani apite. Nilimwelewa. Hakuna kilichobadilika ndani yangu.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, nilimpeleka Mama Jinja pamoja na watoto wangu wawili. Karatasi nilizishika mwenyewe. Tulipanda boti, na mwendeshaji akatuonyesha maji yanapobubujika kutoka chini, watoto wakashangilia. Hapo ndipo nilipomwambia.

"Mama, ile bahasha niliitoa mimi. Nilikuwa namwonyesha Dani jina lake."

Nililisema kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Mama alishika mikanda ya jaketi lake la kuokolea.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa." Alitazama maji. "Miaka hii yote nimekuwa nikijitafuta pale mezani, nijione nikiiweka. Sijawahi kujiona."

Mwendeshaji akauliza kama tunataka picha. Mama akasema ndiyo.

Hakulitaja tena jambo hilo hadi tulipovuka mpaka tukirudi. Watoto walikuwa wamelala.

"Usimwambie shangazi yako," alisema.

"Kwa nini?"

"Ataacha kunisema mimi, aanze kukusema wewe. Una watoto."

Nilikaa na maneno hayo miezi kadhaa. Kisha Jumamosi moja, Mama akiwa kwangu, nilimpigia Shangazi nikamweleza yote. Nilisikia akizima redio. Halafu akauliza, "Mama yako yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Nilimpa, nikatoka uani. Nilisikia sauti ya Mama ndani, tulivu, akieleza jambo. Nilingoja nihisi wepesi. Haukuja. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba ganzi yangu ilitokana na kifo cha Dani. Pale uani niliona kwamba ilianza mapema zaidi, dakika ile mama yangu alipojitwika kosa langu mbele ya macho yangu nami nikamwachia. Kama kurudi kwetu kulileta balaa au hakukuleta, siwezi kujua. Hilo la kumwachia nalijua.

Mama alipomaliza aliniita ndani. Nikaenda.