Vichwa Vinavyopokezana

Shule yetu ya wasichana ilikuwa Kongwa, na kisima kilikuwa mbali. Kila Jumamosi mabweni mawili yalishindana kuvuta kamba; bweni lililoshindwa liliteka maji ya jikoni wiki nzima. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kuuzwa waziwazi, na nusu yetu tulivuta tukiwa na raba zilizotupita miguu. Tulikuwa tumeshindwa mara tatu mfululizo, na mitihani ilikuwa inaanza wiki iliyofuata.

"Ndoo tumeshawaoshea, dada zetu!" wapinzani walitupigia kelele bwaloni.

Ijumaa, kwenye kipindi cha biolojia, madam alichora msuli ubaoni. Alisema ndani yake mna nyuzi za protini. Nyuzi nene zina vichwa vingi vidogo. Kila kichwa hushika uzi mwembamba, huuvuta, huachia, kisha hushika mbele kidogo.

"Vinaachia vyote pamoja, madam?" niliuliza.

"Vikiachia pamoja, mzigo si utarudi ulikotoka? Vinapokezana."

Tukatazamana. Sisi tulivuta kwa wimbo, na kwenye kiitikio wote tuliachia na kushika upya. Hapo ndipo tulipokuwa tunaburutwa.

Jumamosi hatukuimba. Waliosimama kushoto mwa kamba walisogeza mikono huku wa kulia wameshika, kisha wa kulia wakasogeza huku wa kushoto wameshika.

"Leo wamefiwa?" mmoja wa wapinzani aliuliza, wenzake wakacheka. Lakini walikuja upande wetu, polepole, visigino vikichora mifereji kwenye vumbi, wakikaza mpaka waliposhindwa.

Jumatatu asubuhi hawakuweza kunyoosha viwiko. Sisi tulikuwa wazima. Madam alisema msuli huumia zaidi unaponyooshwa kwa nguvu huku wenyewe unakaza. Kuna protini nyingine ndani yake, mfano wa springi, inayouzuia usipitilize, ila nayo ina mwisho wake.

Mpishi alikuja kuuliza kama uji ataukoroga kwa mate. Kapteni wa wapinzani alisimama na ndoo tupu, akajaribu kuipandisha kichwani, mkono ukagoma begani.

"Mnatuangalia nini?"

"Leteni mti," nikasema.

Tukapitisha mti kwenye kishikio cha kila ndoo, mmoja wetu mbele, mmoja wao nyuma, tukienda tunaulizana maswali ya mtihani. Tuliporudi safari ya mwisho, kapteni alimwambia mpishi kwamba maji yale yameletwa na bweni lake. Hatukubisha, uji ulikuwa umeshaanza kunukia.